Maswali ya Wasomaji: Mzigo wa Mfumo Unamwangukia Nani?

Barua tunazojibu katika toleo hili zimetoka kwa watu wanaoongoza timu za usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, yaani wale wanaoamua mfumo wa hospitali, wa fedha au wa huduma za serikali utaonekanaje na utatumikaje mikononi mwa watu wa kawaida. Nimezifupisha barua hizo bila kubadilisha maana, na nimeondoa majina ya taasisi. Msomaji ataona kwamba majibu yangu yanarudi kwenye imani moja ambayo ni afadhali niitaje mapema: katika mfumo mkubwa hakuna mtumiaji mmoja, bali kuna watu wengi wanaogawana kazi, na kila uamuzi wa usanifu humpunguzia mmoja mzigo na kumwongezea mwingine. Kiongozi wa wasanifu amewekwa pale, kwanza kabisa, ili ajue mzigo huo umeangukia kwa nani, na ahakikishe kwamba umewekwa hapo kwa makusudi.

Ndugu Mwandishi, ninaongoza wasanifu wanne wanaotengeneza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya vituo vya afya. Wauguzi wanaendelea kuandika kwenye rejesta za karatasi, kisha jioni mmoja wao huketi kwenye kompyuta na kuingiza taarifa za siku nzima. Uongozi unasema wauguzi waongezewe mafunzo. Wasanifu wangu wanasema skrini zipunguzwe. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Dodoma*

Ningependa kuziweka kando hoja zote mbili kwa muda, kwa sababu mafunzo na skrini vyote vinakuja baada ya suala la rejesta. Katika vituo vyetu muuguzi anajaza vitabu vya MTUHA, yaani rejesta rasmi za taarifa za huduma za afya, na vitabu hivyo ndivyo vinavyofunguliwa mkaguzi anapofika kutoka halmashauri. Kwa maelezo yako, kompyuta haijaondoa kitabu hata kimoja, bali imeongezwa juu ya vitabu vilivyokuwapo. Muuguzi aliyezungukwa na akina mama waliopakata watoto wanaosubiri chanjo hawezi kuandika jambo moja mara mbili, kwa hiyo anaandika pale anapojua kwamba ataulizwa, na sehemu ya pili anaiacha hadi foleni iishe. Huo si ukaidi wala uzito wa kujifunza. Ni uamuzi ambao mimi na wewe tungeufanya kama tungekuwa mahali pake.

Nenda ukakae kituoni tangu milango inapofunguliwa hadi inapofungwa, lakini usiende na wasanifu peke yao. Mchukue mhandisi mmoja wa programu na mchukue pia msimamizi wa mradi, hata kama atalalamika kwamba ana vikao. Mfuateni mgonjwa mmoja baada ya mwingine kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa, na kila mara jina lake, umri wake au ugonjwa wake unapoandikwa, andikeni mahali ulipoandikwa, aliyeuandika, na atakayeusoma baadaye. Mtakuta taarifa ileile imeandikwa kwenye daftari la mapokezi, kwenye kadi ya mgonjwa, kwenye rejesta, kwenye fomu ya maabara, na mwishoni kwenye kompyuta yenu. Mtakuta pia mambo ambayo hayakuandikwa kwenye mahitaji ya mradi: kwamba kompyuta imefungiwa katika ofisi ya mganga mfawidhi kwa kuogopa wizi, kwamba umeme unakatika saa ambazo wagonjwa ni wengi, kwamba neno la siri la mtu mmoja linatumiwa na watu watano kwa sababu kubadilisha mtumiaji kunachukua muda kuliko kumhudumia mgonjwa.

Karatasi hiyo ya mapito ya taarifa ndiyo utakayoipeleka kwa wenye mamlaka na kuwauliza ni kitabu kipi kinaweza kustaafu siku mfumo utakapoanza. Kazi hii hawezi kuifanya msanifu wa ngazi ya chini, kwa kuwa hana mlango wa kuingilia wala cheo cha kusikilizwa. Ni ya kwako. Nimeona timu nyingi zikisanifu upya skrini kwa miezi mingi kwa sababu skrini ndiyo kitu pekee walichoruhusiwa kukigusa, ilhali kizuizi kilikuwa agizo la ukurasa mmoja ambalo hakuna aliyelifikisha mezani kwa anayeweza kulibadilisha.

Upo mfano wa karibu unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, madaktari na watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Hawakumlazimisha mtoa huduma kuandika kwenye kompyuta mbele ya mgonjwa. Mgonjwa alitembea na fomu ya karatasi kutoka hatua moja hadi nyingine, na makarani ndio walioingiza taarifa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa kliniki za UKIMWI za mpango wa AMPATH, na kuanzia 2004 ikachangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Baadaye walirudisha faida kwa mtoa huduma mwenyewe: kompyuta ilichapisha muhtasari wa mgonjwa pamoja na vikumbusho, kwa mfano kwamba kipimo cha CD4, kinachoonyesha hali ya kinga ya mwili, kimechelewa, na utafiti wao ulionyesha kwamba vipimo vilivyochelewa viliagizwa zaidi pale vikumbusho vilipokuwapo. Aliyejaza fomu leo alipata kitu mkononi mgonjwa aliporudi.

Sikuambii uige Mosoriot. Karani naye ni mshahara, na si kila zahanati inaweza kumlipa. Ninachotaka uone ni kwamba pale mzigo wa kuingiza taarifa ulihamishwa kwa uamuzi uliotangazwa, ukapewa mtu, kiti na malipo. Kwenye vituo vyako mzigo huohuo umehamia katika jioni ya muuguzi bila mtu yeyote kuamua, na hakuna anayemlipa kwa saa hizo. Hali hiyo itaendelea kuharibu ubora wa taarifa zenu hata mkiwa na skrini nzuri kuliko zote, kwa sababu taarifa za asubuhi zinazoandikwa jioni kwa kumbukumbu ya mtu aliyechoka haziwezi kuaminika.

Mkishalipata jibu la rejesta, rudini kwenye skrini, na kwa kila kisanduku mwulize mwenye kukiomba: nani anasoma taarifa hii, na inambadilishia uamuzi gani? Kisichokuwa na msomaji kiondolewe. Mafunzo yafuate baada ya hapo, na yatakuwa mafupi.

Ndugu Mwandishi, timu yangu inasanifu huduma ya simu ya mikopo na akiba kwa ajili ya vyama vya kina mama. Katika majaribio tumeona wanachama wakiitumia kwa mambo ambayo hatukuyapanga, na wanapuuza kile tulichokijenga. Mkurugenzi anasema vipengele vimeshaahidiwa kwa wafadhili na haviwezi kubadilishwa. Nifanye nini?
*Msomaji, Nairobi*

Mkumbushe mkurugenzi historia ya mji wake. Jaribio la M-Pesa lilipoanza Oktoba 2005, lilikuwa mradi wa Vodafone na Safaricom kwa kushirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwa mfuko wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza. Lengo lililoandikwa lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea na kurejesha mkopo kwa simu. Waliokuwa wakisimamia mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, walieleza baadaye kwa maandishi kile walichokiona: wateja walilipiana mikopo kama malipo ya huduma fulani, wafanyabiashara waliweka fedha za jioni kwenye simu kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafungwa, wasafiri waliweka pesa kwa wakala wa mji mmoja na kuzitoa kwa wakala wa mji mwingine ili wasibebe fedha taslimu njiani, na watu walituma muda wa maongezi kwa jamaa zao wa mashambani. Wakati huohuo shirika la mikopo lilikuwa likihangaika kulinganisha malipo ya simu na hesabu zake. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwa tena kiini chake. Ujumbe kwa wananchi ulikuwa mmoja tu: tuma pesa nyumbani.

Angalia jinsi hali yao ilivyofanana na yako. Nao walikuwa na mfadhili, mshirika na lengo lililoandikwa. Walichofanya vizuri ni kuchukulia matumizi yasiyopangwa kuwa ushahidi, badala ya kuyaita makosa ya watumiaji yanayohitaji kusahihishwa. Hapo ndipo kiongozi wa wasanifu anapopimwa, kwa kuwa timu yenyewe mara nyingi ndiyo ya kwanza kuyaona matumizi hayo, na ndiyo ya kwanza kunyamaza ikisikia kwamba mambo yameshaamuliwa.

Kuhusu mkurugenzi, usimpelekee ripoti. Ripoti ya kurasa arobaini husomwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na yeye ataisoma akitafuta sentensi ya kukujibu. Mwombe aje kwenye kikao cha chama, akae nyuma, asiseme kitu. Mtafiti wa Kimarekani Jared Spool amependekeza kwa miaka mingi kwamba kila mtu anayeathiri maamuzi ya bidhaa awaone watumiaji kwa macho yake angalau saa mbili kila wiki sita, na kwa maoni yangu pendekezo hilo linawahusu wakurugenzi kuliko linavyowahusu wasanifu, ambao wengi wao huenda bila kusukumwa.

Kisha soma mkataba wa wafadhili wewe mwenyewe, neno kwa neno. Kwa kawaida matokeo yaliyoahidiwa na vipengele vya kuyafikia vimeandikwa katika sehemu tofauti. Mfadhili ameahidiwa kwamba kina mama wengi zaidi wataweka akiba na kukopa kwa usalama, na kipengele kilitajwa tu kama njia ya kufika huko. Ukimwandikia ukieleza kwamba njia nyingine inafikisha matokeo hayohayo, na ukiambatisha ushahidi wa mlichokiona, unampa mkurugenzi wako nafasi ya kubadilika bila kuaibika. Nafasi hiyo ni lazima umtengenezee wewe. Si haki kumdai ushujaa ambao hujamrahisishia.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umetaja vyama. Kabla hamjahamishia shughuli zote kwenye simu, jiulizeni ni nini kinachofanyika katika kikao ambacho simu haiwezi kukifanya. Mwanachama anayechelewa kulipa huonwa na wenzake, husikilizwa na pengine husaidiwa. Mkiondoa kikao, kazi hiyo ya kufuatilia na kusamehe itamwangukia mweka hazina peke yake, ambaye atakuwa na orodha ya wadaiwa kwenye simu yake na hana kikao cha kumkinga.

Kila Ijumaa tunakaa pamoja kukagua michoro ya kila mmoja. Wasanifu vijana hawasemi neno hadi niseme mimi, kisha wanakubaliana nami. Nimewaambia mara nyingi wawe huru, lakini haisaidii.
*Kiongozi wa timu, Mwanza*

Vijana hao wamelelewa vizuri, na ninaomba usiwahesabie kosa. Aliyekuamkia asubuhi kwa shikamoo hatarajiwi kukupinga mchana mbele ya watu, na kumwambia awe huru ni kumtwika yeye wajibu wa kuvunja adabu ili kikao chako kifanikiwe. Wewe ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha utaratibu, nao ukibadilika, adabu inaweza kubaki palepale.

Michoro ipatikane siku moja kabla, na kila mmoja aandike maswali yake kwa faragha. Kikaoni mdogo wa wote aanze kusoma aliyoyaandika, na wewe uwe wa mwisho. Maswali yamhusu anayehudumiwa, yasimhusu aliyechora: mzee huyu atajuaje kwamba ombi lake la pensheni limepokelewa, akiwa hana mjukuu wa kumsomea? Swali la namna hiyo hata mgeni wa wiki moja anaweza kumwuliza mkubwa wake bila kumvunjia heshima, kwa sababu anayetetewa ni mzee. Na yule aliyekwenda kukaa na watu wiki hiyo awe na neno la mwisho kuhusu kile kilichoonekana huko, hata kama ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote chumbani.

Ukidhani kwamba hili ni suala la tabia tu, angalia kilichotokea Marekani. Tovuti ya serikali ya kununulia bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku hiyo ya kwanza watu 6 tu ndio waliofanikiwa kukamilisha kujiunga. Makampuni mengi yalikuwa yamejenga vipande vyake, na hakukuwa na mmoja mwenye picha nzima. Wananchi walilazimika kufungua akaunti kabla hata ya kuona bei za bima, kwa hiyo umati wote, wakiwamo waliotaka kuangalia tu, ulibanana kwenye mlango mmoja uliokuwa dhaifu. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa wizara husika, iliyotoka 2016, ilitaja kukosekana kwa uongozi ulio wazi na kushindwa kutambua uzito wa matatizo yaliyokuwa yakijitokeza. Watu wa chini walikuwa na habari. Habari hizo hazikupanda.

Mhandisi Mikey Dickerson, aliyetoka Google kwenda kusaidia kuiokoa tovuti hiyo, aliweka kanuni chache ukutani, na mojawapo ilisema kwamba wanaopaswa kuzungumza ni wale wanaolijua tatizo zaidi, si wale wenye vyeo vikubwa. Nyingine ilisema kwamba kikao ni cha kutatua matatizo, na kutupiana lawama kutafutiwe mahali pengine. Kufikia Desemba walio wengi waliweza kuitumia tovuti. Ningependa uchukue kanuni hizo mbili na uziandike kwa Kiswahili cha ofisi yako, kisha uwe wa kwanza kuzitii siku kijana atakapokuonyesha kwamba mchoro wako mwenyewe haufanyi kazi. Vijana wako watakuwa wanakutazama siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Je, ni kweli kwamba kuujaribu mfumo kwa watumiaji watano kunatosha?
*Msomaji, Arusha*

Inatosha kwa kundi moja la watu wanaofanana, wakifanya kazi moja, kwa nia ya kutafuta kasoro za kurekebisha kabla ya kujaribu tena. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ambaye jina lake limeambatana na hesabu hiyo, alieleza mwenyewe kwamba makundi yanayotofautiana sana yajaribiwe kila moja peke yake. Mfumo wa kituo cha afya una mgonjwa, karani, muuguzi, mfamasia, mhasibu na mkaguzi. Wagonjwa watano waliofurahi hawakuambii lolote kuhusu mfamasia. Kama bajeti ni ndogo, anza na yule ambaye akikosea mtu mwingine ndiye anayeumia.

Tunasanifu mfumo wa duka la dawa la hospitali. Wataalamu wa afya wanataka onyo kwa kila hatari, na sasa mfamasia anakutana na maonyo mengi mno. Wasanifu wangu wanaogopa kuondoa hata moja.
*Msomaji, Unguja*

Woga wao ni wa heshima, lakini unamlinda aliyesanifu kuliko unavyomlinda mgonjwa. Onyo la ziada linahamisha lawama: likitokea la kutokea, tutasema mfamasia alionywa. Mfamasia naye, anayeliona onyo lilelile siku nzima juu ya dawa ambazo anajua hazina tatizo, anajifunza kubonyeza ili aendelee, na kidole chake kinajifunza haraka kuliko akili yake.

Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa 6 mionzi iliyopita kiasi kwa mbali kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao walifariki. Chanzo kilikuwa ndani ya programu, na pia katika kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo ambavyo mashine za awali zilikuwa navyo. Lakini chunguza kilichompata mwendeshaji mashine huko Tyler, Texas, Machi 1986. Skrini ilimwandikia kwamba kuna hitilafu namba 54, bila maelezo ya maana, kwenye mashine ambayo ilizoea kutoa ujumbe wa hitilafu mara kwa mara, na iliyomruhusu kuendelea kwa kubonyeza herufi moja tu. Alibonyeza. Mgonjwa alipigwa mionzi mara ya pili.

Kwa hiyo kaeni na wafamasia na madaktari, mpitie kila onyo, na mliweke katika mojawapo ya mafungu matatu: linalopaswa kusimamisha kazi hadi mtu mwingine aidhinishe, linalopaswa kuonekana pembeni bila kuzuia, na lisilopaswa kuwapo. Fungu la kwanza liwe dogo sana. Uamuzi wa kuondoa uwe na saini ya mtaalamu wa afya pamoja na yako, ili msanifu kijana asibebe peke yake jambo ambalo hakusomea.

Hatua ya ziada si mbaya yenyewe. Safaricom ilipoweka Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la anayetumiwa kabla pesa haijaondoka, iliongeza muda kidogo kwa kila mtu. Lakini hatua hiyo inaleta habari mpya ambayo mtumaji anaweza kuipima mara moja: amekusudia kumtumia shangazi na jina linalotokea ni la mtu asiyemjua. Onyo linalouliza tu kama una uhakika halikupi chochote cha kupima.

Ndugu Mwandishi, tunasanifu huduma ya ujumbe wa simu kwa watu wanaotumia dawa za UKIMWI. Wengi wanatumia simu za kitufe, na wengine wanashiriki simu moja na familia. Wasanifu wangu ni vijana, na baada ya mahojiano ya kwanza wawili walirudi wakilia. Naongozaje kazi kama hii?
*Msomaji, Kisumu*

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine, nami nakupongeza kwa kuona kwamba hali ya vijana wako ni sehemu ya kazi yenyewe.

Nianze na simu. Nchini Kenya, kati ya 2007 na 2009, ulifanyika utafiti ulioitwa WelTel, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Kliniki ilimtumia mgonjwa ujumbe mmoja kwa wiki uliosema: Mambo? Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama Sawa, ama Shida. Aliyejibu Shida, na asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Watu 538 walishiriki, na katika kundi lililopokea ujumbe, asilimia 62 walieleza kwamba walikuwa wakitumia dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi ambalo halikupokea. Waliokuwa wakishiriki simu na wengine hawakufungiwa mlango.

Ningeomba timu yako yote ijifunze usanifu huo kwa makini. Hakuna dawa iliyotajwa, wala kliniki, wala ugonjwa. Shemeji akiishika simu anaona salamu tu. Hakukuhitajika simu janja wala intaneti. Mgonjwa hakukumbushwa kama mtoto, aliulizwa hali kama mtu. Na kwa kuwa wengi wanaojibu husema Sawa, muuguzi anabaki na wachache wanaomhitaji kweli siku hiyo. Wapo wasanifu wangeongeza grafu, alama za pongezi na makala za afya, na kila nyongeza ingekuwa ama inafichua siri ya mtu au inamwongezea muuguzi kazi.

Kuhusu mahojiano, hakikisheni kwamba ridhaa inaombwa kwa lugha ambayo mtu anaizungumza nyumbani, iwe Kiswahili, Kijaluo au nyingine, na kwamba anajua anaweza kunyamaza au kuondoka bila huduma yake ya kliniki kuguswa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kwa hiyo sauti na picha zisikae kwenye simu binafsi za wasanifu. Kamwe msimhoji mtu nyumbani kwake bila yeye kuchagua mahali hapo, kwa kuwa gari la mradi likisimama mlangoni, majirani wataanza kuuliza.

Kwa vijana wako, wasiende mmojammoja, na wasifanye mahojiano mengi mfululizo katika siku moja. Baada ya kila mahojiano wapewe muda wa kukaa na mtu mzima aliyezoea kazi hiyo. Mshauri nasaha wa kliniki anaweza kukubali kuwasaidia mkimwomba kwa utaratibu na mkaiweka kazi hiyo kwenye bajeti. Anayesema hawezi kuendelea apewe kazi nyingine ya mradi bila kupoteza nafasi yake, na jambo hilo lisitajwe katika tathmini yake. Pia msihoji watu kwa mambo ambayo kliniki tayari inayajua. Wauguzi na wagonjwa wanaowasaidia wenzao wana majibu mengi, na kumtaka mgonjwa asimulie upya maumivu yake kwa sababu tu timu yetu haikuwauliza hao kwanza ni kumtumia vibaya.

Limebaki suala la zamu. Katika huduma yenu mtu ataandika Shida, na pengine ataiandika Jumamosi usiku. Kabla ya kusanifu ujumbe wa kwanza, mwombeni mkuu wa kliniki awaonyeshe ni nani atakayeupokea, kwa simu ya nani, kwa muda wa maongezi unaolipwa na nani, na ni kazi gani ataondolewa ili apate nafasi ya kupiga. Kama jibu halipo, anzeni na wagonjwa wachache ambao kliniki inaweza kuwapigia kwa saa za kazi, waambieni wazi kwamba siku za mapumziko hakuna wa kujibu, na muwape namba ya dharura ya hospitali inayofanya kazi usiku na mchana.